Betri ya Klachi

Betri ya gari la Klachi iliuawa na mkewe. Hakuipiga nyundo wala hakuimwagia kitu. Aliiua kwa taa. Mumewe alikuwa amelala na homa, siku ambazo hakuweza hata kufika mlangoni, na mke akaitumia nafasi hiyo. Aliinua turubai, akafungua mlango wa gari, akauacha bila kuubana, ile taa ndogo ya ndani ikabaki inawaka usiku na mchana. Kipofu haoni taa. Klachi alipopona na kwenda kukaa kwenye gari lake kama kawaida, alizungusha ufunguo, stata ikatoa mlio mmoja mdogo kama mtu anayekata kucha, kisha kimya.

Fundi wa umeme aliichukua betri, akaichaji, akairudisha. Alisema imezeeka, haishiki chaji tena, wasijisumbue. Klachi aliuliza imekufaje ghafla vile, na fundi akajibu kwamba betri ni kama binadamu, siku yake ikifika imefika. Mke alikuwa amesimama hapo hapo na bakuli la mchele mkononi. Aliinamisha kichwa akaendelea kuchagua mawe.

Mtaani walimwita Mama Vifungo kwa sababu ya kazi yake. Alishona sare za shule sebuleni kwake, na kifungo alichokishona yeye hakikung'oka mpaka shati lenyewe lichakae. Mumewe aliitwa Klachi kwa sababu ya kelele zake. Kwa maisha yake yote ya kazi alifundisha watu kuendesha, na nusu ya madereva wa mji ule waliwahi kushika usukani pembeni yake huku akiwapigia ukelele mmoja tu: "Klachi, klachi, klachi." Kisha presha ya macho ikamla kidogo kidogo, akaanza kugongana na viti, halafu na watu, mwisho hakuona hata mkono wake mwenyewe.

Kilichobaki ni gari. Lilikuwa gari la spoti la zamani, jekundu, la milango miwili na viti viwili, limelala chini kiasi kwamba kulipanda ni kama kuingia kitandani. Alilinunua likiwa bodi tupu, akalijenga mwenyewe miaka mingi. Sasa kila jioni alijipapasia njia hadi uani, akaingia, akawasha, akakanyaga mafuta taratibu, akasikiliza. Majirani walizoea. Akina mama waliujua wakati wa kuweka sufuria jikoni kwa mlio wa gari la Klachi.

Basi mkewe alikuwa na sababu gani ya kuua kitu kama hicho?

Alikuwa nayo. Jioni moja kabla ya homa ile, Klachi hakutosheka na kusikiliza. Aliingiza gia ya nyuma, akaachia klachi kwa ule ustadi wake, gari likarudi nyuma kimya kimya kuelekea geti. Pengine alitaka tu kulisikia likisogea chini yake. Nyuma ya gari, mgongo kwa bampa, alikuwa amekaa binti mdogo wa Seremala, jirani yao, anachota mchanga na kopo. Mama Vifungo alimwona kupitia dirishani. Hakukumbuka baadaye alivyofika. Alimkamata mtoto mkono mmoja akamvuta kama anavuta nguo kwenye kamba, na papo hapo akapiga yowe.

Gari likasimama. Klachi akauliza kuna nini.

Hapo ndipo uwongo wa kwanza ulipozaliwa. Mama Vifungo alimtazama mumewe, uso umejaa furaha iliyokatizwa, akashindwa. Angemwambiaje mtu ambaye fahari yake yote ni kwamba hakuwahi kumgonga hata kuku? Alisema ameungua na pasi. Klachi akatoka haraka, akajikwaa, akatafuta beseni, akalijaza maji. Akaushika mkono wa mkewe usio na jeraha lolote akautumbukiza humo, akawa anaupulizia na kumpa pole. Mtoto alisimama pembeni anawatazama na kopo lake. Mama Vifungo akamwashiria aende kwao.

Hakumwambia mtu yeyote. Lakini tangu siku ile, gari lilipowaka tu, aliacha cherehani akakimbilia dirishani kumtafuta mtoto.

*

Alidhani betri ikifa, mambo yamekwisha. Alikosea kabisa. Klachi hakuwa amechangamka vile tangu macho yaondoke. Sasa alikuwa na jambo la kufanya: kuchagua betri. Kila mlo alilizungumzia. Alieleza kwamba gari lile betri yake haikai mbele bali nyuma, kwenye buti, ili uzito ulingane, kwa hiyo huwezi kununua yoyote tu. Lazima iwe fupi, la sivyo kifuniko kitagusa vichwa vyake na kuwasha moto. Lazima iwe na tundu la kuchomeka kibomba cha kutoa hewa, la sivyo mvuke wa asidi utamwingia dereva puani. Chanya iwe kulia, maana waya ni mfupi. Na injini ile ya zamani ni nzito kuzungusha, inataka betri yenye msukumo.

"Zaidi ya yote iwe mpya," alisema. "Betri inazeeka hata ikiwa rafuni. Tarehe ndiyo kitu cha kwanza. Utanisomea tarehe."

Mama Vifungo aliitikia kwamba atamsomea.

Walikwenda asubuhi. Klachi alivaa shati lake jeupe, akamshika mkewe kiwiko, akatembea kifua mbele kama mtu anayekwenda kuposa. Duka la betri lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya asidi na mpira. Muuzaji, kijana mnene anayetafuna kijiti, alimtazama Klachi mara moja tu, kisha akamgeukia mkewe.

"Mama, mzee anataka nini?"

"Mzee anataka betri," Klachi akajibu mwenyewe, "na masikio yake ni mazima."

Muuzaji hakuomba radhi. Aliweka betri tatu juu ya kaunta. Klachi akaziendea kwa vidole. Ya kwanza aliipima kwa shibiri akaikataa, ndefu mno. Ya pili na ya tatu zilikuwa sawa kwa kila kitu: kimo, chanya kulia, tundu ubavuni. Alizigusa vichwa, akazinusa, akaziinua kidogo kupima uzito. Uso wake ulikuwa na utulivu ambao mkewe hakuwa ameuona siku nyingi.

"Zinafaa zote mbili. Sasa nisomee tarehe, mama."

Ya pili ilikuwa imetoka kiwandani mwezi uliotangulia. Ya tatu ilikuwa imefifia rangi mashavuni, na tarehe yake ilikuwa ya zaidi ya miaka miwili nyuma. Muuzaji alikuwa ameileta kaunta kwa tumaini tu, kama wanavyofanya wauzaji.

Mama Vifungo hakuja na mpango. Baadaye alijiapia hivyo mara nyingi, akajua kuwa haisaidii. Alimwona tu akilini yule mtoto na kopo lake. Akafungua kinywa, akaisoma tarehe ya betri ya pili huku kidole chake kikiigonga ya tatu ili mumewe asikie. Kisha akaisoma tarehe ya ile chakavu akiigonga ile mpya.

Muuzaji akaacha kutafuna.

"Umeona?" Klachi akasema kwa furaha, akiikumbatia ile mbovu. "Kumbe alitaka kuniuzia ya zamani. Tunachukua hii."

Kijana alipokea bei ya betri mpya, akaipakia ile kuukuu kwenye mkokoteni. Walipofika mlangoni akamfuata Mama Vifungo nyuma, akamtumbukizia noti mbili kwenye mkoba, akamkonyeza. "Fungu lako," alinong'ona. "Mimi na wewe tungefanya biashara."

Kijana alimwona mwizi mwenzake. Alimwona mwanamke anayemwibia mumewe kipofu. Na Mama Vifungo angemjibu nini? Mkono wa mumewe ulikuwa kiwikoni mwake. Akaufunga mkoba, akatoka nje juani, uso unamwaka.

*

Klachi aliifunga betri peke yake. Alikataa fundi, akakataa hata msaada wa Seremala aliyechungulia ukutani kumjulia hali. Mkewe alimpa spana alizoziomba, basi. Aliingiza nusu ya mwili ndani ya buti, akachomeka kibomba, akakaza chanya, akakaza hasi, akapaka grisi, akavuta kila waya kuhakikisha. Kisha akakaa kwenye usukani. Injini ikanguruma mara ya kwanza tu alipozungusha ufunguo.

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mama Vifungo naye akajikuta anacheka, kisha akaingia ndani akakaa kwenye cherehani bila kushona chochote.

Gari liliwaka siku chache. Hakuingiza gia tena, lakini kila jioni mkewe alisimama nyuma ya gari akijifanya anafagia. Halafu stata ikaanza kulegea, ikaburuza kama mtu aliyechoka, na jioni moja ikanyamaza.

Alichokitarajia mkewe ni hasira. Alitarajia Klachi amtukane muuzaji, ataje ulaghai wa madukani, arudi kugombana. Hakufikiri, hata mara moja, kwamba mumewe angejilaumu mwenyewe.

Klachi alirudi kwenye buti. Alifungua kila nati, akasugua kila kichwa kwa msasa, akafunga tena. Hakuna kitu. Akafungua tena, akafuata nyaya kwa vidole mpaka mbele na kurudi. Jua lilikuwa kali, na jasho lilimtiririka hadi kwenye macho yake yasiyoona. Mwishowe akakaa chini kwenye mchanga, mikono imelala mapajani, imepakaa grisi.

"Betri mpya haifi hivi," alisema. "Kuna kitu nimekifunga vibaya. Nimeiua mwenyewe."

Mkewe akamwambia pengine ni kasoro ya kiwanda.

"Hapana. Nilikuwa nasema macho yamekwenda lakini mikono ipo. Nayo imekwenda."

Tangu hapo akabadilika. Asubuhi hakunyoa ndevu, na alipoulizwa akasema atajikata. Chai aliiacha ipoe mbele yake mpaka awekewe kikombe mkononi. Shati, ambalo miaka yote ya giza alijifungia mwenyewe na kumfokea yeyote aliyetaka kumsaidia, sasa alisimama tu akingoja afungwe. Akaagiza atafutwe mtu wa kununua gari, hata kwa bei ya chuma.

Mama Vifungo alikuwa amepata alichokitaka, na zaidi. Uani kulikuwa salama. Mtoto wa Seremala alicheza na kopo lake popote alipopenda. Lakini alishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, akafumua, akaukosea tena. Zile noti mbili alizificha chini ya kitambaa kwenye droo ya cherehani, na kila alipotafuta uzi alizikuta. Akimtazama mumewe amekaa kizembe ukutani, nafsi ilimsuta mpaka alitamani kuugua ili apate sababu ya kulala.

*

Alimwambia asubuhi moja, akimfunga shati. Alikuwa amefika kifungo cha katikati.

"Mikono yako haina kosa," alisema. "Betri ilikuwa ya zamani. Nilikusomea uwongo."

Klachi hakuelewa. Alidhani anambembeleza, akatabasamu kwa unyonge akamwambia aache. Basi ikabidi aseme yote: tarehe alizozibadilisha, noti za muuzaji, taa ya ndani wakati wa homa. Alipomaliza hayo, mumewe alikuwa amerudi nyuma hatua nzima, shati liko wazi kifuani.

"Kwa nini?"

"Siku ile niliposema nimeungua na pasi, sikuungua. Uliingiza gia ya nyuma. Mtoto wa Seremala alikuwa nyuma ya gari. Nilimvuta."

Klachi alipapasa nyuma yake akatafuta kitanda, akakaa.

"Umbali gani?"

Mkewe akamshika mkono, akauonyesha kwa kupanua vidole vyake. Haukuzidi shibiri.

Klachi aliuacha mkono wake vile vile hewani, umepanuliwa, muda mrefu baada ya mkewe kuuachia. Mama Vifungo alitaka kumshika lakini hakuthubutu.

"Ungeniambia," Klachi alisema hatimaye. "Siku ile ile. Ningekuchukia wiki moja, kisha ningekupa funguo."

"Nilikuonea huruma."

"Ndiyo. Umenionea huruma mpaka nikajiona si mtu."

Akaanza kujifunga shati mwenyewe, kifungo kimoja kimoja. Alipofika cha mwisho akasimama, kama aliyekumbuka jambo.

"Dawa zangu unanisomea wewe," alisema. "Barua za watoto unanisomea wewe. Ni nini kingine ulichonisomea?"

"Hakuna kingine. Naapa."

"Nitajuaje?"

Mkewe alitoa zile noti mbili akaziweka mezani, akamwambia ndizo hizo. Klachi hakuzigusa. Alimwambia akamrudishie mwenyewe mtu wake wa dukani, kisha akachukua fimbo akatoka.

Mama Vifungo alimtazama dirishani. Alikwenda moja kwa moja kwa Seremala, kwa kufuata sauti ya randa. Randa ikanyamaza. Alichokisema hakikusikika, lakini mkewe aliliona bega lake likishuka kadiri alivyosema. Mke wa Seremala alitokea jikoni, akasikiliza kidogo, akamnyakua binti yake kutoka kwenye maranda ya mbao, akaingia naye ndani na kufunga mlango. Wanaume wawili walibaki wamesimama. Muda mrefu baadaye Seremala alimvutia Klachi benchi.

Alasiri walikuja pamoja na magogo manne. Klachi mwenyewe ndiye aliyeyaomba. Walipiga jeki upande mmoja, kisha wa pili, wakaliweka gari juu ya magogo, magurudumu yote manne yakaning'inia hewani. Gari la spoti, lililojengwa kupita kama mshale, sasa lilikaa kama meza. Klachi aliligusa kila gurudumu akalizungusha kwa kiganja, akaridhika kwamba halifiki chini. Kisha akakaa ndani kwa muda mlango ukiwa wazi, mguu mmoja nje.

*

Mama Vifungo alirudi dukani peke yake. Muuzaji aliziangalia zile noti kama kitu kilichookotwa jalalani.

"Mama, unanirudishia? Mzee amekukamata?"

Alimwambia ukweli kwamba hakukamatwa, akaomba wabadilishiwe ile betri. Kijana akacheka, akawaita na wenzake wacheke naye. Alisema alichouza ni alichochaguliwa, na aliyechagua ni yeye mwenyewe kwa kidole chake, mbele ya mashahidi. Mama Vifungo hakubishana. Aliona kweli hana pa kusimamia. Aliziacha noti juu ya kaunta akaondoka, kicheko kikimsindikiza hadi barabarani.

Fedha za betri nyingine zilitoka kwenye sare. Alikuwa akiziweka kwa ajili ya mota ya cherehani, maana miguu yake ilianza kuvimba kwa kukanyaga. Klachi alizipokea bila kuuliza zimetoka wapi. Kwenda kuchagua, alikwenda na Seremala, kwenye duka jingine. Mama Vifungo alibaki nyumbani, akafua hata nguo zilizokuwa safi. Waliporudi walikuwa wanabishana kuhusu tarehe, wamechangamka. Seremala alimsalimia. Klachi alipita.

Injini iliwaka jioni ile, naye Klachi akaingiza gia. Magurudumu yalizunguka hewani bila kwenda popote, na mke wa Seremala, aliyekuwa hajaongea nao tangu siku ile, alitoa kichwa ukutani akatazama, kisha akatoweka.

Kazi ya kumsomea Klachi dawa ilikuwa imehamia kwa Seremala. Alikuja asubuhi na jioni, akapiga hodi, akaingia na vumbi la mbao mikononi, akamwinulia chupa moja moja karibu na dirisha na kumsomea, huku Mama Vifungo akijitia kupanga nyuzi zake. Seremala alikuwa mtu wa haya, hakumtazama usoni. Hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi, kuliko kama angemtazama.

Hali ikawa hivyo, wakila pamoja, wakilala kitanda kimoja, wakizungumza habari za chumvi na maji ya kuoga.

Kisha Seremala akapata kazi ya milango ya shule, mbali, akawa analala huko huko. Jioni ya kwanza Klachi alikaa mezani akamngojea. Chakula kikaisha, vyombo vikaondolewa. Chupa mbili zilikuwa mbele yake, za umbo moja, vifuniko sawa. Alizigeuza geuza, akazitikisa sikioni, akaziweka. Mama Vifungo alisimama jikoni na kitambaa cha kufutia mkononi. Hakujitolea. Aliona hana haki hiyo.

"Njoo," Klachi akasema.

Akaja.

"Soma."

Akaisoma chupa ya kwanza: jina la dawa, vidonge vingapi, kabla au baada ya kula, mwisho wa matumizi. Akaisoma ya pili. Sauti ilimkwama mahali pamoja, akakohoa, akaendelea.

"Tena," alisema Klachi. "Anzia hiyo ya pili."

Akaanzia ya pili, akamaliza na ya kwanza. Mumewe alisikiliza ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akisikiliza injini za wanafunzi wake, akitafuta ule mkwaruzo mdogo ambao mwenye gari hausikii. Kisha akafungua kiganja chake juu ya meza.

Mama Vifungo akaweka vidonge. Klachi hakukifunga kiganja. Alikaa navyo vile, wazi, na mkewe akasimama mbele yake bila kuthubutu kumharakisha wala kumwahidi chochote.

Akavimeza.

Hakumwambia asante, naye hakuingoja. Alichukua gilasi, akaenda kuiosha.